Kahawa Yetu Ilale Wapi? Barua ya Wazi kwa Magavana wa Kericho na Bomet

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Kaunti za Kericho na Bomet;
kwa mawaziri wa kaunti wanaosimamia kilimo na ushirika;
na kwa wenyeviti wa vyama vya ushirika vya kahawa katika kaunti zote mbili.

KUH: GHALA LA KAHAWA

Waheshimiwa,

Nina chai upande wa Bureti na kahawa upande wa Kipkelion, na mjini Kericho nina mashine ndogo ya kukaangia kahawa ninayouzia hoteli na maduka machache. Kahawa naijua ikiwa mtini, naijua ikiwa guniani, na naijua ikiwa kikombeni. Barua hii inahusu gunia.

Miaka ya karibuni kahawa imekuwa wimbo wa kila mkutano katika kaunti zetu. Sababu haifichiki. Bonasi ya chai ya viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa ikiachwa nyuma na ile ya wenzetu wa mashariki, na mkulima wa Konoin au Belgut aliposikia kwamba bei ya kahawa kule New York ilivuka dola 4 kwa ratili mnamo Februari 2025, alianza kulitazama shamba lake kwa jicho jingine. Miche ya Ruiru 11 na Batian inagawiwa. Wapo wanaong'oa mahindi wakapanda kahawa. Wanasiasa wanaahidi mitambo. Yote hayo ni mema, lakini katika mikutano niliyohudhuria sijamsikia mtu akiuliza: kahawa hiyo yote ikishavunwa, italala wapi?

Swali hilo halitujii upesi kwa sababu sisi ni watu wa chai. Jani likichumwa asubuhi, jioni liko kiwandani, usiku linasagwa, na baada ya siku chache limepakiwa kwenye mifuko ya karatasi na kupanda lori la Mombasa. Mkulima wa chai hana ghala na hajawahi kulihitaji. Jani halingoji mtu. Likichelewa barabarani saa chache linapata joto na kuharibika, na karani wa kituo cha kununulia analikataa. Chai ikishakuwa chai hulala, lakini hulala mbali na macho yetu, katika maghala ya Mombasa, zaidi ya kilomita 700 kutoka hapa. Imekuwa hivyo tangu mnada wa chai ulipohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969. Vizazi viwili vya wakulima wa Kericho na Bomet vimekua vikiamini kwamba kazi ya mkulima inaishia kwenye mizani.

Kahawa haiendi hivyo. Ni kweli cheri, yaani tunda la kahawa lililoiva, nayo inataka kumenywa siku ile ile iliyochumwa. Lakini baada ya hapo huanza safari ndefu ya kungoja. Hukaa tangini ikichachuka, huoshwa, huanikwa kwenye vitanda vya waya kwa wiki moja au mbili, na mvua yetu ikikolea hupita hata hapo. Ikikauka inakuwa pachimenti, punje iliyo ndani ya ganda lake jembamba, na pachimenti hulala kwenye stoo ya chama ikingoja lori. Ikifika kwenye mtambo hungoja zamu ya kukobolewa. Ikikobolewa hupangwa madaraja, AA, AB, PB, C na mengine, kisha hungoja sampuli zikaangwe na kuonjwa. Huingizwa kwenye orodha ya mnada, ikangoja Jumanne ya Soko la Kahawa la Nairobi. Bei ikikataa, inarudi kungoja tena. Kwa ufupi, chai ni zao la mbio na kahawa ni zao la subira, na mwenye mahali pa kungojea ndiye anayeamua kungoja kuishe lini na kwa bei gani.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Kabla hamjatujengea mtambo mwingine, tujengeeni ghala.

Nieleze nilichokiona mwenyewe. Sisi wakaangaji wadogo huchanganya kahawa ya hapa na ya jirani ili bei ya kikombe isimtishe mnywaji. Nilikuwa nimenunua kwa kibali magunia ya arabika ya Uganda, ile ya miteremko ya Elgon upande wa Mbale, na nikataka mahali pa kuyaweka kwa miezi michache mjini Kericho. Nilizunguka. Stoo ya kwanza ilikuwa na mbolea hadi darini. Ya pili ilikuwa na vitunguu na magunia ya omena kutoka Kisumu. Ya tatu ilikuwa na mapipa ya mafuta taa pembeni, na mwenye stoo aliniambia nisijali, mapipa yamefungwa. Mwishowe nikachukua chumba kitupu nyuma ya jengo moja, sakafu ya saruji, kuta za matofali, paa la mabati bila dari. Mwenyewe aliniapia kwamba ni pakavu.

Na kweli palikuwa pakavu, mpaka mvua za masika zikashuka. Kericho, kama mjuavyo, haina kiangazi cha kusema. Alasiri nyingi za mwaka anga hufunga, mvua ikapiga, na mara nyingine mvua ya mawe. Usiku mabati hupoa, hewa ya ndani ikatoa jasho, na jasho likadondoka juu ya magunia. Chini, saruji ilikuwa ikivuta maji kutoka ardhini bila kuonyesha hata alama. Nilipofungua gunia la chini, lile lililogusa ukuta, nikatia mkono, punje zilikuwa za uvuguvugu. Rangi yake ya kijani-buluu ilikuwa imepauka ikawa kama ya majani makavu, na pembeni nyeupe. Nikaitia moja menoni, kama wazee wafanyavyo kupima ukavu. Badala ya kukatika kwa mlio, ikabonyea. Nilikaanga kidogo, nikaonja. Ilikuwa na ladha ya gunia, na juu yake harufu ya ukungu. Kahawa hunyonya harufu kama maziwa yaliyoachwa wazi jikoni. Ikishanyonya, hakuna moto wa kuiondoa.

Mimi ni mtu mmoja na magunia yangu yalikuwa machache. Nayaleta kwenu kwa sababu chama cha wakulima mia kadhaa kinapokuwa na stoo ya aina ile, hasara huwa ni ile ile, ila imegawanywa kwa watu wengi kiasi kwamba hakuna anayeijua. Mkulima huona tu kwamba kahawa yake imeshuka daraja au imeuzwa chini ya ya jirani. Humlaumu dalali, humlaumu mnunuzi, humlaumu mwenyekiti. Mara nyingine kosa liko kwenye sakafu.

Wataalamu wamelieleza jambo hili kwa namba, na namba hizo ni rahisi. Kahawa iliyokaushwa vizuri ina unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Kahawa liliweka azimio la kutaka nchi zisiuze nje kahawa yenye unyevu chini ya asilimia 8 au juu ya 12.5. Lakini punje haibaki pale ulipoiacha. Hutoa na kuvuta unyevu kulingana na hewa inayoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 60 hivi, punje hutulia. Ikipanda kwenda 75 na 80 kwa wiki kadhaa, punje hulewa maji tena, na kazi yote ya kuanika inakuwa bure. Ukungu ukishaingia, kuna ule unaotengeneza sumu iitwayo okratoksini, ambayo Ulaya huipima na kuiwekea kikomo. Kahawa ya kijijini kwetu inaweza kukataliwa bandarini Hamburg kwa kosa lililotokea kwenye stoo ya mabati.

Baridi yetu ni neema. Kahawa hupenda kulala mahali pa baridi, na miinuko ya Kericho ina hali ya hewa ambayo wenye maghala ya Mombasa wangeilipia. Adui wetu ni maji peke yake. Na maji huzuilika. Sakafu iinuliwe juu ya ardhi na kutandikwa karatasi nzito ya plastiki chini ya zege. Magunia yapangwe juu ya vibao, yasiguse ukuta, na mtu aweze kupita nyuma yake na tochi. Chini ya mabati kuwe na dari inayozuia jasho. Madirisha yafunguliwe adhuhuri jua likiwaka na kufungwa wingu likianza kukusanyika. Ukutani kuwe na kipima unyevu, na karani aandike alichosoma asubuhi na jioni. Kwa kahawa ya bei kubwa, kuwe na mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa ndani ya gunia, kama ile ambayo wakulima wa mahindi tayari wanaitumia dhidi ya dumuzi. Hakuna hapo kifaa ambacho fundi wa Litein au Sotik hawezi kukifunga.

Linganisheni hayo na mtambo. Mtambo wa kukoboa kahawa unataka umeme mwingi, wataalamu, vipuri, na zaidi ya yote unataka kahawa nyingi ili ujilipe. Mtambo tunao tayari, ule wa muungano wa ushirika wa Kipkelion, na muungano huo umepiga hatua ambayo wengi hawajaitambua: kampuni yake ya udalali ilikuwa miongoni mwa za kwanza kupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji mwaka 2023, mageuzi ya kahawa yalipowaondoa mawakala wa zamani. Maana yake ni kwamba kahawa ya mkulima wa hapa inaweza kukobolewa hapa na kupelekwa mnadani na dalali wa hapa, na malipo yakapitia mfumo wa malipo ya moja kwa moja ulioanza mwaka huo huo. Kila kaunti ikijenga mtambo wake, tutagawana kahawa ile ile kidogo na kila mtambo utalala njaa. Kinachokosekana katika mnyororo huu ni mahali pa kutosha, pakavu na pa kuaminika, ambapo pachimenti ya Bomet na ya Kericho inaweza kungoja bila kuzeeka na bila kuibiwa.

Nimesema kuibiwa. Wizi wa kahawa usiku kwenye viwanda vya ushirika ni habari ya kila msimu nchini, hasa bei zikipanda. Walinzi hufungwa kamba, wengine huuawa, na magunia hutoweka kwa lori. Stoo nyingi ndogo zilizotawanyika vijijini zinalindwa na mzee mmoja mwenye rungu na tochi. Ghala moja kubwa lenye bima, taa na daftari ni rahisi kulilinda, na ni rahisi kulikagua.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo nawaomba mtazame mbali kidogo. Ubelgiji haina shamba la kahawa hata moja, lakini bandari ya Antwerp ina maghala yanayolaza kahawa nyingi kuliko karibu bandari yoyote duniani. Soko la New York huchapisha kila siku ya kazi idadi ya magunia yaliyoidhinishwa yaliyomo katika maghala ya Antwerp, Hamburg, Bremen na miji mingine. Wafanyabiashara wa dunia nzima huamka na kuisoma namba hiyo. Ikishuka, bei hupanda. Ikipanda, bei hushuka. Basi ona ajabu hii: mtu wa London anajua asubuhi hii Antwerp kuna magunia mangapi, na mkulima wa Kipkelion hajui kuna mangapi katika stoo ya chama chake mwenyewe, wala ya kwake yako safu ya ngapi. Mnunuzi anakaa mezani na hesabu, sisi tunakaa na matumaini.

Dawa yake ipo katika sheria zetu. Bunge lilipitisha Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala mwaka 2019, na baraza la kuusimamia likaundwa. Mkulima akiingiza mzigo kwenye ghala lililoidhinishwa, mzigo hupimwa, hukaguliwa ubora, naye hupewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo ni mali. Anaweza kuiuza, au kuipeleka benki akapewa mkopo, mzigo ukabaki ghalani ukingoja bei. Mpaka sasa mahindi ndiyo yaliyotangulia. Kahawa, ambayo kilo yake ina thamani mara nyingi ya kilo ya mahindi, inaufaa mfumo huu kuliko mahindi yenyewe. Mkulima mwenye karo ya Januari hana subira ya kungoja mnada, na mlanguzi analijua hilo. Ndiyo maana huja na pesa taslimu Desemba. Stakabadhi humpa mkulima karo bila kumnyang'anya kahawa.

Wenzetu wa Tanzania walitutangulia. Sheria yao ya stakabadhi ghalani ni ya mwaka 2005, na korosho za Mtwara zilianza kuuzwa kwa mfumo huo msimu wa 2007/08. Mwanzoni wakulima walinung'unika, na walikuwa na haki: malipo ya pili yalichelewa, makato yalikuwa mengi, na wengine hawakuelewa ni nani amekata nini. Somo lao ni kwamba karatasi ina nguvu sawa na mtu aliyeitia sahihi. Ghala likiendeshwa na mtu mwenye haraka ya kununua kahawa hiyo hiyo, stakabadhi ni mtego. Mwenye ghala asiwe mnunuzi, na asiwe dalali.

Sasa nije kwa jambo ambalo huenda likawashangaza: kahawa ya wageni.

Ghala tupu ni hasara. Msimu wetu mkubwa ni wa mwisho wa mwaka, na kuna miezi ambayo ghala la wakulima peke yao lingekuwa na panya tu. Lakini tazameni barabara. Malori yanayovuka mpaka Busia hupitia Kisumu, Ahero, Kericho na Londiani kabla ya kutokea Mau Summit, na baadhi yake hubeba kahawa ya Uganda inayokwenda Nairobi au bandarini Mombasa. Uganda huuza nje kahawa mara kadhaa ya yetu. Kenya, iliyovuna tani karibu 130,000 msimu wa 1987/88, siku hizi huvuna kama tani 50,000, na nzuri karibu yote huuzwa nje. Wakaangaji wa soko la ndani huziba pengo kwa kuagiza kutoka kwa jirani. Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kericho kwenyewe kuna wakaangaji wadogo ambao kila mmoja anatafuta kona ya kuweka magunia yake, kama nilivyotafuta mimi, na wengi huishia Nairobi, wakilipia kodi ya ghala na mafuta ya kurudisha mzigo Bonde la Ufa. Mgeni njoo mwenyeji apone: chumba cha kahawa ya nje, kinacholipiwa kwa mwezi, kinaweza kulipa mshahara wa karani na bili ya stima wakati miti yetu ya kahawa imepumzika.

Najua hofu iliyopo, nami ninayo. Kwanza ni magonjwa. Mnyauko wa kahawa uliharibu robusta nyingi za Congo na Uganda tangu miaka ya 1990, na ni kwetu kulikogunduliwa chulebuni, ugonjwa unaoozesha cheri zikiwa mtini, mwaka 1922 hapa hapa magharibi mwa Kenya. Kwa hiyo kahawa ya nje iingie kwa kibali na ukaguzi, ikiwa imekobolewa na kukauka, na magunia yake yasirudi kwenye mashamba yetu kubebea cheri. Pili ni uchanganyaji. Jina la kahawa ya Kenya ndilo mtaji wetu mkubwa, na mtu mmoja mwenye tamaa, gunia moja la hapa na mawili ya kule, anaweza kulichafua. Ndiyo maana nasema chumba tofauti, mlango tofauti, ufunguo tofauti na daftari tofauti. Uchanganyaji huo kama unafanyika leo, unafanyika kwenye vyumba vya nyuma ambavyo hakuna anayevikagua. Ghala la wazi linaupunguza.

Utenganishaji huo tutadaiwa hata kwa kahawa yetu wenyewe. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya kuzuia bidhaa zitokanazo na ukataji wa misitu. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini haijafutwa. Kahawa imo, chai haimo. Kwa hiyo wengi wetu hatujaizoea. Mnunuzi atataka kujua kahawa hii ilitoka shamba lipi, na kwamba shamba hilo halikufyekwa msituni baada ya Desemba 31, 2020. Sisi tunapakana na msitu wa Mau. Maswali yatakuwa makali kwetu kuliko kwa wengine. Unaweza kuwa na ramani ya kila shamba kwenye simu. Kama ndani ya stoo magunia ya wakulima wote yamemwagwa lundo moja, ramani hizo hazikusaidii kitu. Mlolongo wa ushahidi hukatika ghalani.

Kuna atakayesema kwamba ghala litawafundisha wakulima kuficha kahawa wakingoja bei isiyokuja. Onyo hilo ni la haki, na sisi watu wa chai tunalijua kwa uchungu. Julai 2021 chai ya viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na KTDA iliwekewa bei ya chini kabisa mnadani, dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa njema. Lakini chai ambayo wanunuzi hawakuona kwamba ina thamani hiyo ilikosa soko wiki baada ya wiki, ikajaa maghalani Mombasa kwa mamilioni ya kilo, na kadiri ilivyozeeka ndivyo ilivyopungua thamani, huku kodi ya ghala ikihesabiwa. Nyingi ya chai hiyo ilikuwa ya viwanda vya upande wetu. Ghala halipandishi bei. Linampa mkulima muda, na muda nao una mwisho. Kahawa ikibaki kwenye ganda lake hustahimili vizuri zaidi kuliko iliyokobolewa. Kwa hiyo ilale ikiwa pachimenti, ikobolewe inapokaribia kuuzwa, na kila mzigo uwe na tarehe ya kuondoka iliyoandikwa siku unapoingia.

Waheshimiwa, haya basi ndiyo tunayoomba.

Kwanza, jengeni ghala moja la pamoja, si mawili ya ushindani. Liwe upande wa Kipkelion, ambako hali ya hewa ni kavu kuliko mjini Kericho, mtambo uko karibu, na reli ya Nakuru hadi Kisumu inapita. Bomet ipate stoo ya kukusanyia Sotik, kwenye barabara ya Kericho na Kisii, iliyojengwa kwa kiwango kile kile, ili pachimenti ya Konoin na Chepalungu isikae kwenye vyumba vya kupangisha ikingoja lori.

Pili, tumieni kilichopo. Mradi wa maeneo ya viwanda na ukusanyaji wa mazao ulipangiwa shilingi milioni 500 kwa kila kaunti, nusu kutoka Serikali ya Kitaifa na nusu kutoka kaunti. Tengeni ndani yake jengo la kahawa peke yake. Mbolea ya ruzuku isiingizwe humo hata kwa siku moja, hata foleni iwe ndefu vipi.

Tatu, ombeni kibali cha ghala hilo chini ya sheria ya stakabadhi tangu siku ya kwanza ya ujenzi, ili lijengwe likifuata masharti badala ya kubomolewa baadaye. Mwendeshaji apatikane kwa zabuni ya wazi, na asiruhusiwe kununua wala kuuza kahawa.

Nne, wekeni chumba cha kahawa ya nje, chenye kibali, mlango na daftari lake. Ongeeni na kaunti wenzenu katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa. Kisii, Nyamira, Nandi na Bungoma zina kahawa, na Busia ina mpaka. Kaunti kumi na nne za jumuiya hiyo haziwezi kukosa kulijaza ghala moja.

Tano, chapisheni idadi ya magunia kila wiki: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki, na unyevu uliopimwa. Bandikeni kwenye ofisi ya kila chama na tumeni kwa ujumbe mfupi wa simu. Karatasi moja tu.

Kwenu wenyeviti wa ushirika nina neno pia. Magavana wanaweza kujenga kuta, lakini hawataandika daftari lenu. Mkulima akija kuuliza kahawa yake iko wapi, asijibiwe kwamba mambo hayo ni ya kamati. Na sisi wakulima tusilete pachimenti yenye maji tukitegemea ghala liikaushe. Ghala hulinda ukavu, halitengenezi ukavu.

Mna nafasi ndogo ya kufanya haya. Mche wa kahawa uliopandwa mvua zilizopita utaanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu. Ghala linaweza kujengwa kwa muda mfupi kuliko huo, ikiwa fedha zitatengwa sasa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka kilimo, masoko na vyama vya ushirika mikononi mwa kaunti, kwa hiyo hakuna ofisi ya Nairobi ya kulaumiwa kwa hili.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inazitaka kaunti ziwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1. Mipango hiyo ni hati za umma, nasi wakulima wa Kipkelion, Konoin na Sotik tumejifunza kuzisoma. Tutafungua ukurasa wa kilimo, tutatafuta neno ghala, na tusipolikuta tutakuja kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma tukiwa na barua hii mkononi na sampuli ya kahawa iliyoharibikia stoo. Tutaikaanga na kuipika hapo hapo kikaoni, na kikombe cha kwanza kitakuwa cha Mheshimiwa Gavana.

Wenu katika ujenzi wa kaunti,

Mkulima wa chai na kahawa, na mkaangaji wa kahawa,
Kericho